UZI: Polima zinazong'aa na kustahimili joto kwa kuondoa shaba, risasi na kadimiamu majini (kutengeneza, kupima na makosa yanayojirudia)

#1 Neli_na_Chupa

Wakuu salaam. Maswali kuhusu polima hizi yanarudi kila mara kwenye nyuzi tofauti, kwa hiyo nayakusanya hapa. Nianze na jambo linalowapotosha wengi: polima ikizimika mwanga baada ya kutiwa shaba, umejua tu kwamba shaba imeifikia. Kama maji yamesafika au la, utajua ukiyapima maji yenyewe. Taa ya UV haipimi kilichobaki kwenye maji.

Ninayoieleza ni polima ya imini (kifungo cha kaboni na naitrojeni, C=N) iliyojengwa kwa salisilaldehidi. Ukoo huu ni wa zamani. Mwaka 1957 Marvel na Tarköy walichapisha utafiti kuhusu ustahimilivu wa joto wa polima za namna hii zikiwa zimeshika metali. Marvel ndiye huyo huyo aliyekuja kuchapisha na Vogel, mwaka 1961, kazi ya polibenzimidazoli, inayotumika leo kwenye nguo za wazima moto. Siku zile walitafuta joto. Sisi tunataka pia mng'ao na mshiko.

Kwa nini salisilaldehidi? Kundi la OH limekaa jirani kabisa na naitrojeni ya imini, na viwili hivyo hubana ioni ya metali kama koleo. Protoni ya OH hiyo huruka kwenda kwa naitrojeni molekuli ikipigwa UV, ndiyo maana unga mkavu hung'aa njano hadi rangi ya chungwa chini ya taa ya nm 365. Metali ikikaa mahali pa protoni, mwanga lazima ubadilike. Koleo na taa ni kitu kimoja hapo.

Hatua ya kwanza: dialdehidi (5,5'-methilini-bis-salisilaldehidi)

Salisilaldehidi ml 12 (karibu g 14), trioksani g 1.15, asidi asetiki isiyo na maji ml 10. Weka kwenye chupa ya kitako cha duara yenye kondensa, pitisha naitrojeni polepole, pasha hadi 90–95 °C. Changanya asidi salfuriki kali ml 0.1 ndani ya asidi asetiki ml 1, dondoshea taratibu huku sumaku ikikoroga. Acha saa 22. Mimina kwenye maji ya barafu ml 600, acha usiku kucha, chuja, osha mara mbili kwa heksani, kisha safisha kwa kuyeyusha na kuotesha fuwele kwenye asetoni. Fuwele safi huyeyuka karibu na 142 °C. Kiwango cha juu kinachowezekana kwa hesabu ni g 9.8; utapata pungufu, na ni kawaida.

Salisilaldehidi imezidishwa makusudi, mara tatu ya formaldehidi inayotoka kwenye trioksani, ili molekuli mbili tu ziungane badala ya kuendelea kuwa lami. Ndiyo maana heksani haina mjadala: inaondoa salisilaldehidi iliyobaki. Ikibaki, ina mkono mmoja tu wa kushika, na kila inapoingia kwenye mnyororo inaufunga. Unapata vipande vifupi badala ya polima, na vipande hivyo ndivyo vitakavyovuja kwenye maji baadaye.

Hatua ya pili: polima

Dialdehidi g 2.56 (milimoli 10) kwenye kiyeyushi cha DMF ml 60, naitrojeni ikipita, 80 °C. Ongeza asidi asetiki ml 0.5. Yeyusha p-fenilinidiamini (PPD) g 0.757 kwenye DMF ml 20 na uidondoshee kwa nusu saa. Koroga saa 2. Ndipo udondoshee TREN, yaani tris(2-aminoethili)amini, ml 0.30 ndani ya DMF ml 20. Acha saa 20 kwenye joto hilo hilo.

Hesabu ya mikono: aldehidi milimoli 20, PPD inatoa milimoli 14 za NH2, TREN inatoa 6. Zinalingana. TREN ina mikono mitatu, kwa hiyo ndiyo inayofunga minyororo kuwa wavu usioyeyuka. Ukiitanguliza TREN, unapata donge la jeli linalomeza sumaku ya kukorogea, na PPD inabaki nje haijaungana.

Chuja, osha kwa DMF ya moto, kisha ethanoli, halafu weka kwenye Soxhlet (kifaa kinachoosha unga tena na tena kwa kiyeyushi cha moto) na ethanoli saa 24. Kausha kwenye oveni ya utupu 80 °C usiku mzima. Uzito kamili kwa hesabu ni g 3.25. Ukipata g 3.6 usifurahi, hiyo ni DMF iliyojificha kwenye vinyweleo. Saga, chekecha, chukua chembe za mikromita 75 hadi 150.

PPD ishikwe kwa glavu na barakoa. Ndiyo ile ile iliyomo kwenye piko nyeusi inayobabua mikono ya mabibi harusi, na ngozi ikishaichukia mara moja huichukia daima.

#2 Mwanafunzi_MSc

Asante sana mkuu kwa uzi. Naomba kuuliza: polima ikitoka kahawia iliyokolea badala ya njano au chungwa, na inang'aa kwa shida, tatizo ni nini?

#3 Neli_na_Chupa

Mara nyingi ni PPD ya zamani. Ikiwa safi ni nyeupe au ina rangi kidogo tu. Ikikaa chupani hewa inaigeuza zambarau, kisha nyeusi. Ile rangi nyeusi inanyonya UV na inanyonya pia mwanga ambao polima inautoa, kwa hiyo mng'ao unafia ndani ya chembe. Isafishe kwa kuigeuza mvuke chini ya utupu na kuikusanya kwenye kidole baridi, uitumie siku hiyo hiyo. Sababu ya pili ni naitrojeni kukatika katikati ya kazi. Puto lililojaa naitrojeni haliwezi kudumu saa 20. Tumia mtungi, na mwisho wa mpira uwe ndani ya chupa ya mafuta ili uone mapovu yanapita.

#4 BintiKemia

Niongezee kuhusu kutazama kwa taa, maana hapa watu hudanganyika. Usiweke unga juu ya karatasi ya printa. Karatasi nyeupe za ofisini zimetiwa kemikali za kuongeza weupe na zinawaka buluu kali chini ya nm 365, zaidi ya polima yenyewe. Pamba nyingi za dukani ni hivyo hivyo, na mikono ya koti lililofuliwa kwa sabuni ya unga pia. Tumia kadi nyeusi, na kagua karatasi ya chujio ikiwa tupu kwanza.

Jambo la pili ni jaribio la uvujaji, nalo lifanywe kabla ya metali yoyote. Mg 50 za polima, maji yaliyochemshwa na kugandishwa mvuke ml 50, tikisa saa 24, zungusha kwenye sentrifuji, kisha weka maji ya juu chini ya taa. Maji yaking'aa, vipande vifupi vimetoka. Rudisha unga kwenye Soxhlet mpaka ethanoli inayoshuka iwe haing'ai tena, hata ikichukua siku tatu. Polima inayovuja haifai kutumika kwenye maji ya kunywa, hata kama inakamata risasi vizuri namna gani.

#5 Makadara_Lab

Habari zenu. Kwetu mashine ya FTIR (inayosoma vifungo vya molekuli kwa infraredi) ipo lakini TGA (inayopima uzito unavyopungua sampuli ikipashwa joto) hatuna. Je, mtu anaweza kuthibitisha polima bila TGA? Na hili neno "kustahimili joto" lina faida gani kwa maji ya digrii 25?

#6 Neli_na_Chupa

Ndugu, FTIR itakupa sehemu kubwa ya jibu. Kilele cha aldehidi karibu na cm⁻¹ 1655 kinatakiwa kiishe, na cha imini kitokee kati ya 1615 na 1625. Kikibaki kibega cha 1655, basi kuna aldehidi isiyoungana, au ni DMF, kwa sababu yake nayo inakaa karibu na 1670. Kausha tena upime tena kabla ya kuhukumu.

Joto lina faida tatu. Baadhi ya maji ya viwandani hutoka yakiwa ya moto. Vichujio huchemshwa kwa mvuke wa 121 °C ili kuua vijidudu. Na wavu mgumu wa pete za benzini hauvimbi kama sponji, kwa hiyo kolamu haizibi. Kaitosani ya maganda ya kamba, ambayo wengi huanzia, inayeyuka kwenye asidi hafifu isipofungwa, na haivumilii joto kama hizi.

Lakini grafu ya TGA isikuleweshe. Inachorwa kwenye naitrojeni kavu, 10 °C kwa dakika. Inakuambia polima inaanza kupoteza uzito digrii mia tatu na kitu. Haikuambii lolote kuhusu maji ya 90 °C yenye pH 3, na humo ndimo imini inamofia: maji na asidi huirudisha kuwa aldehidi na amini. Polima inayostahimili moto mkavu inaweza kumomonyoka kwenye sufuria ya maji ya moto. Kwa hiyo, bila TGA, fanya jaribio hili: mg 100 kwenye maji ya pH 5, 90 °C, saa 24, chuja, kausha, pima uzito, rudia FTIR, na utazame maji kwa taa. Kwa kazi ya maji, hilo lina uzito kuliko TGA.

#7 Kipima_Maji

Naingia upande wa vipimo.

Myeyusho mama wa mg 1000 kwa lita: nitrati ya risasi g 1.598, salfeti ya shaba yenye maji matano g 3.929, nitrati ya kadimiamu yenye maji manne g 2.744. Kila moja kwenye lita 1, na asidi nitriki kidogo ndani yake. Chupa ziwe za polithini zilizolowekwa usiku kwenye asidi nitriki 10% na kusuuzwa.

Jaribio la msingi: polima mg 20, maji ml 50 yenye metali mg 20 kwa lita, pH 5 hadi 5.5, tikisa saa 4. Usitumie bafa ya fosfeti, inaitupa risasi chini yote na utadhani polima ni muujiza. Rekebisha pH kwa NaOH na HNO3 za 0.01 M, upime tena mwishoni, kwa sababu metali ikiingia kwenye koleo protoni inatoka na pH inashuka.

Uwezo wa kushika, q = (C0 − Ce) × V ÷ m, ambapo C0 na Ce ni metali ya mwanzo na iliyobaki (mg kwa lita), V ni lita za maji na m ni gramu za polima. Tuseme imebaki mg 2 kwa lita: 18 × 0.05 ÷ 0.02 = mg 45 kwa gramu.

Lazima kuwe na chupa mbili za kulinganishia: moja yenye metali bila polima, nyingine yenye polima bila metali. Ya kwanza inaonyesha metali iliyokwama kwenye chupa, kwenye chujio, au iliyoganda kuwa haidroksidi. Chujio nacho kinakula metali. Mwaga ml 5 za kwanza.

Sasa angalieni hesabu ya Neli_na_Chupa. Gramu 3.25 zina koleo milimoli 20, yaani 6.15 kwa gramu. Koleo mbili zikishika ioni moja, kikomo ni milimoli 3.08 kwa gramu: shaba mg 195 au risasi mg 638 hivi. Anayeandika risasi mg 900 kwa gramu kwenye pH 7 amepima mashapo. Na hata kikomo hicho hutakifikia, kwa sababu koleo zilizo katikati ya chembe hazifikiwi.

#8 Mwanafunzi_MSc

AAS tuliyonayo (mashine ya kupima metali kwa unyonyaji wa mwanga) ni ya mwali wa moto, hewa na asetilini. Inatosha?

#9 Kipima_Maji

Kwa uwezo wa kushika, inatosha. Kwa kusema "maji yanafaa kunywewa", hapana. Mwongozo wa WHO ni risasi mg 0.01 kwa lita, kadimiamu 0.003, shaba 2. AAS ya mwali haiaminiki kwa risasi kwenye 0.01. Sampuli za mwisho zipelekwe kwenye mashine zinazoona kiasi kidogo zaidi, yaani AAS ya tanuri ya grafiti au ICP-MS, zikiwa zimetiwa asidi nitriki hadi pH chini ya 2. "Haikuonekana" kwenye mashine isiyoweza kuona si matokeo ya kuandika kwenye tasnifu.

#10 BintiKemia

Kuhusu kuzimika kwa mwanga kuna mtego mmoja unaoharibu kazi nyingi: metali yenyewe kuwa na rangi. Kromiamu ya sita ni njano na inanyonya sana kati ya nm 350 na 370; chuma cha tatu vilevile kinanyonya UV. Ukimimina kwenye kikombe cha kipimo, mwanga wa kuchochea unakula kona kabla ya kufika kwenye polima. Spektra inashuka vizuri, unachora mstari, unaandika "kihisi cha kromiamu". Polima haikuguswa hata kidogo.

Namna ya kujua: chukua vikombe viwili vya kwatsi. Kimoja kina polima pekee, kingine kina metali pekee. Weka cha metali mbele, taa ipite humo kwanza, tazama cha nyuma. Kikififia karibu sawa na vilipochanganywa, ni kivuli tu. Kwa hesabu, zidisha mwanga uliopima kwa 10^((Aex + Aem)/2), ambapo A ni unyonyaji kwenye nm ya kuchochea na nm ya kutoa. Afadhali uanze na A isiyozidi 0.1, utulie.

Unga hutuama, na hilo nalo hufanana na kuzimika. Mg 1 kwa ml 10, tikisa kwa mawimbi ya sauti (ultrasoniki) dakika 20, kisha kila kikombe kipimwe muda ule ule baada ya kutikiswa, mara tatu. Kiwango cha chini cha kugundua, 3σ ÷ mteremko (σ ni mchepuko sanifu), kitoke kwenye vipimo kumi vya kikombe kisicho na metali.

#11 Makadara_Lab

Kwa hiyo shaba inazima, na risasi? Zinki je?

#12 BintiKemia

Shaba ya pili ina elektroni moja isiyo na mwenzake, inanyonya nishati na kuizima. Ndiyo kali kuliko zote hapa. Chuma cha tatu kiko karibu nayo. Zinki imejaza ganda lake la d, haina njia ya kuzima, na ikikaa kwenye koleo hufanya molekuli isicheze, kwa hiyo mara nyingi mwanga unaongezeka na rangi kuhama. Kadimiamu inafanana na zinki kwa hulka lakini mshiko wake hapa ni hafifu. Risasi usiikisie, pima kwa pH yako.

Maana yake ni kwamba maji yenye shaba na zinki pamoja yanaweza kukuonyesha mwanga ambao haujabadilika kabisa, huku polima imejaa zote mbili.

#13 Mtambo_wa_Maji

Wakuu, hii ikienda nje ya maabara inakuwaje? Unga wa mikromita 100 kwenye kolamu utaziba ndani ya saa moja.

#14 Neli_na_Chupa

Utaziba kweli. Njia nyepesi ni kuchanganya polima g 0.5 na mchanga uliooshwa kwa asidi g 10, kolamu ya kipenyo cha sm 1, maji ml 1 hadi 2 kwa dakika, sufi ya kioo juu na chini.

Watu wengi hukimbilia shanga za aljineti, myeyusho wa 2% ukidondoshwa kwenye kloridi ya kalisi. Zinapendeza, lakini umeshapoteza joto: shanga hizo hazitoki salama kwenye mvuke wa 121 °C, na aljineti yenyewe inashika risasi, kwa hiyo hujui nani kafanya kazi. Tumia poliethasalfoni. Yeyusha g 15 kwenye DMF g 85, ongeza polima g 5, koroga mpaka isiwe na mabonge, dondoshea kwenye maji kwa sindano. DMF inakimbilia majini na shanga inaganda ikiwa na vinyweleo. Badilisha maji kwa siku tatu kuondoa DMF. Tengeneza pia shanga tupu zisizo na polima, uzipime sambamba.

#15 Mtambo_wa_Maji

Na kurudisha? Asidi hidrokloriki 1 M kama resini za kawaida?

#16 Neli_na_Chupa

Hapana mkuu, hiyo itaiua. Chini ya pH 4 imini inaanza kukatika, na asidi ya 1 M inaikata haraka: maji yanageuka njano na yanang'aa, hiyo ni polima yako inaondoka. Tumia EDTA (kemikali inayoing'ang'ania metali na kuibeba majini) yenye sodiamu mbili, 0.05 M, yaani g 18.6 kwa lita, pH 5.5 hadi 6, saa 2, kisha suuza maji mara tano. EDTA ikibaki kwenye vinyweleo, mzunguko unaofuata utaonyesha mshiko duni na utailaumu polima bure.

Kuna anayependekeza kuigeuza imini kuwa amini kwa borohidridi ya sodiamu ili ivumilie asidi. Inavumilia, lakini C=N ikiondoka, ule mng'ao unaondoka nayo. Chagua moja.

#17 Makadara_Lab

Nimeona pia wavu wa melamini na tereftaladehidi, ule wa Mainz wa 2009. Si rahisi zaidi?

#18 Kipima_Maji

Malighafi ni rahisi: melamini mg 313, tereftaladehidi mg 500, kiyeyushi cha DMSO ml 15.5, 180 °C, saa 72 chini ya gesi isiyoshiriki. Eneo la uso wake linavuka mita za mraba elfu moja kwa gramu na joto inalivumilia vizuri. Lakini naitrojeni zake zimeungana kwa kaboni ya kawaida, siyo imini, kwa hiyo mnyororo wa elektroni unakatika na hutarajii mng'ao wa maana. Ni mshikaji mzuri bila taa.

Saa 72 mfululizo zinahitaji umeme usiokatika. Ukikatika usiku, chupa ikapoa na hewa ikavutwa ndani kupitia mpira wa mafuta, unga hutoka wa kahawia. Weka chupa tupu ya kinga kati ya mafuta na kondensa. DMSO inachemka 189 °C, kwa hiyo 180 °C ni pembeni kabisa; usifunge chombo, na usiweke asidi yoyote humo, DMSO ya moto yenye asidi inaweza kulipuka.

#19 Mtambo_wa_Maji

Maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, Geita na Chunya, shida ni zebaki. Na Arusha ni floridi. Polima hii inasaidia?

#20 BintiKemia

Floridi hapana, haishikwi na koleo hili. Kwa floridi mkaa wa mifupa ndio unaotumika.

Zebaki inapenda salfa kuliko naitrojeni na oksijeni. Kikundi cha Wang Wei huko Lanzhou kilitoa mwaka 2016 wavu wa fuwele uitwao COF-LZU8, wenye mikono ya thioetha, unaong'aa, kuzimwa na zebaki na kuiondoa pia. Huo ndio mwelekeo. Na sampuli za zebaki zisikae kwenye polithini, inanywea kwenye plastiki na kupotea, tumia kioo. Kloridi nyingi nayo huifunga zebaki, kwa hiyo jaribu kwa maji halisi ya eneo, siyo ya maabara pekee.

#21 Mwanafunzi_MSc

Polima iliyochoka je, nitupe wapi?

#22 Kipima_Maji

Usichome. Zebaki inachemka 357 °C, kadimiamu nayo inaruka kwenye moto, na risasi inabaki kwenye majivu. Toa metali kwa EDTA kadiri inavyotoka, kausha unga, weka kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kuzungusha, andika jina la metali, kiasi na tarehe, upeleke pamoja na taka hatari za maabara. EDTA iliyotumika usiimwage kwenye sinki. Imeibeba metali ikiwa imeyeyuka, na hivyo inasafiri mbali zaidi kuliko ilivyokuwa mwanzo. Kopo lake liwe peke yake, mbali na la asidi.